Siku Kumi na Mbili, Viti Viwili

Kabla ya kuuliza bei, tafuta vitenzi. Ratiba za ziara za basi huko Ulaya huandikwa na watu wanaojua kupima maneno. Ikisema mtauona mnara wa Eiffel, basi litasimama ng'ambo ya mto Seine, mtapiga picha, mtapanda tena. Ikisema mtautembelea, mtashuka na kuzunguka chini yake. Ni pale tu inapoandikwa kwamba mtaingia, na kwamba tiketi imo ndani ya bei, ndipo mtakapopanda juu. Mimi na mume wangu tulikaa sebuleni kwetu Tanga na kalamu mbili. Penye kuingia tulipiga mstari wa kijani, penye kuona tu tukapiga mwekundu. Ukurasa wa Italia ulijaa wekundu mtupu. Tukairudisha fomu bila kulipa, tukatafuta wiki tatu zaidi, hadi tukapata ziara yenye miji michache na milango mingi.

Nawaandikia mke na mume ambao hawajawahi kusafiri hivi. Ninyi ambao watoto wamekua na wamewachangia, au kiinua mgongo kimetoka, au mmeweka kidogo kidogo miaka mingi mkisema ipo siku. Fedha hiyo ina jasho la maisha mazima. Inaniuma nikisikia imeishia kwenye foleni na vyumba vya kando ya barabara kuu, kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema nini cha kuuliza.

Baada ya vitenzi, hesabu. Ziara ya siku 12 haina siku 12: ya kwanza inaliwa na ndege na kusubiri chumba, ya mwisho ni kifungua kinywa na safari ya uwanjani. Hesabu mara za kulala, halafu hesabu hoteli. Ziara tuliyoikataa ilikuwa na kulala mara 11 katika hoteli tisa, yaani karibu kila alfajiri ni kufunga masanduku na kuyaweka mlangoni kabla ya saa moja asubuhi. Tuliyoichukua ilikuwa na hoteli sita. Tulilala Paris mara mbili, Amsterdam mara mbili, kando ya mto Rhine mara moja, Lucerne huko Uswisi mara mbili, Mestre ng'ambo ya Venice mara mbili, na Roma mara mbili. Kwa safari ya kwanza msikubali zaidi ya hoteli mbili za kulala usiku mmoja tu. Mwili wa mtu wa miaka sitini hauchoshwi na kutembea kama unavyochoshwa na kufungua na kufunga sanduku.

Tena ianzie mji mmoja na iishie mwingine. Ziara inayoanza Paris na kuwarudisha Paris kutoka Italia inawapa siku mbili za kutazama vyuma vya kingo za barabara. Hata ile isiyorudi nyuma ina siku zake ndefu: Lucerne hadi Mestre ni zaidi ya kilomita 500, na Florence hadi Roma ni karibu 275. Hapo ndipo inafaa kuijua sheria ya dereva. Katika nchi za Umoja wa Ulaya dereva wa basi haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 4 na nusu bila kupumzika dakika 45, na kwa siku nzima ni saa 9, ambazo anaweza kuzifikisha 10 mara mbili tu kwa wiki. Kuna chombo ndani ya basi kinachorekodi kila dakika, na polisi wakikisoma na kukuta amezidisha, faini ni kubwa. Kwa hiyo mkimwona amezima injini kituoni na kukunja mikono wakati nyote mmeshapanda, msimhesabie uvivu, wala msimwombe awapitishe mahali "mara moja tu." Mimi sheria hiyo ilinituliza moyo. Sisi tuliozoea kupanda mabasi ya usiku tukimwomba Mungu dereva asisinzie tunajua thamani yake.

Ulizeni anwani ya kila hoteli kabla ya kulipa, si jina la mji pekee. Hoteli iliyoandikwa Paris inaweza kuwa mwendo wa saa nzima kutoka katikati ya jiji, hakuna duka, hakuna stesheni, na mkifika jioni mmekwama hapo. Hoteli ya nje si kosa, maana ndiyo inayoshusha bei. Kosa ni ile isiyo na treni karibu. Wekeni anwani kwenye ramani ya simu mpime umbali wa kwenda stesheni kwa miguu. Ukizidi dakika kumi na tano, chukulieni kwamba jioni zenu zote za mji huo zimekwisha.

Viza ni moja kwa nchi zote tulizopita, ile ya Schengen, na anzeni nayo mapema. Mnaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na siku 15 kabla ndiyo mwisho, lakini kwa majira ya kiangazi nafasi za miadi hujaa haraka. Miezi mitatu ndiyo busara. Mnaomba kwenye ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, ile mnayoingilia kwanza. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na mkikataliwa hairudi. Bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka kumi, na iwe na miezi mitatu ya uhai baada ya siku ya kutoka Ulaya. Kila mmoja anaomba kwa jina lake hata kama mnasafiri pamoja, na hapa ndipo wanandoa wa kwetu hujikwaa. Wake wengi wa pwani tunabaki na majina ya baba zetu. Mtazamaji wa karatasi ubalozini anaona majina mawili yasiyofanana, na akaunti ya benki yenye jina la mume peke yake. Ambatisheni cheti cha ndoa. Kikiwa cha Kiswahili, pelekeni kwa mtafsiri anayetambulika. Mwenye akaunti aandike barua fupi kwamba ndiye anayemgharamia mwenzake. Kama ni watoto waliochanga, waandike wao, na taarifa zao za benki ziwemo. Fedha nyingi inayoingia kwenye akaunti kwa ghafla wiki moja kabla ya maombi huzua maswali kuliko fedha kidogo iliyokaa.

Ziara nyingi zinaanzia au kuishia London. Uingereza haimo katika Schengen, kwa hiyo ni viza nyingine, ada nyingine, miadi mingine. Kwa safari ya kwanza ningeiacha. Na mkiichukua, hakikisheni viza yenu ya Schengen inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwa maana kuvuka kwenda London ni kutoka. Mpakani napo pamebadilika: kuanzia 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kusajili alama za vidole na picha ya uso badala ya kugonga muhuri, na foleni ya mara ya kwanza inaweza kuwa ndefu. Ukishaingia, basi linavuka mpaka wa Ufaransa na Ubelgiji kama linavyovuka mkoa. Hata hivyo kuna nchi zilizorudisha ukaguzi wa muda, na polisi hupanda. Pasi ziwe mwilini mwenu, kamwe zisiwe ndani ya sanduku lililo chini ya basi.

Fikeni siku moja kabla ya ziara kuanza, kwa gharama yenu. Ndege ikichelewa, kundi halisubiri. Sisi siku hiyo ya ziada tuliitumia kwenda Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa mwaka 1926, wenye mnara wa mita 33 na ua lenye miti ambapo huuzwa chai ya nanaa katika vibilauri. Tulisali, tukanywa chai, tukatazama ndege wadogo wakiokota makombo. Hata leo mume wangu akiulizwa kuhusu Paris huanza na chai hiyo.

Saa nazo zinahitaji maneno yake. Kiangazi Paris na Roma ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja tu, kwa hiyo hakuna ule uchovu wa watu wanaotoka Marekani. Kesho yake mko wazima. Kinachochosha ni mwanga. Mwishoni mwa Juni jua la Paris linazama saa nne kasoro usiku. Mtu aliyeishi maisha yake yote na jua linalozama karibu na saa kumi na mbili na nusu anajikuta anatembea tu, hasikii usingizi, na asubuhi masanduku yanatakiwa mlangoni. Fungeni mapazia saa tatu hata kama nje kweupe. Kwa Waislamu, Isha huchelewa hadi karibu na saa sita usiku na Alfajiri inarudi baada ya muda mfupi. Msafiri ana ruhusa ya kukusanya na kupunguza. Muulizeni shehe wenu kabla ya kuondoka ili mioyo iwe imetulia, msije mkakesha wiki nzima.

Na lugha ya saa. Kiongozi akisema kwa Kiingereza saa nane, sisi tunajua ni saa mbili asubuhi, lakini mtu akiwa amechoka, akili inateleza. Sisi tuliandika kila miadi kwa tarakimu, 08:00, kwenye karatasi moja iliyokaa mfukoni mwa mume wangu, na mimi nikairudia kwa Kiswahili kwa sauti. Utaratibu huo ni wa lazima, na nitawaambia kwa nini nikifika Venice.

Watu wa pwani hudhani joto la Ulaya si la kutuhusu. Tarehe 25 Julai 2019 Paris ilifika nyuzi 42.6, jambo ambalo Tanga haijui. Kule mawe yanahifadhi joto, upepo wa bahari haupo, na hoteli nyingi za kaskazini hazina kiyoyozi kwa sababu zilijengwa kwa ajili ya baridi. Mkiweza kuchagua, chukueni nusu ya kwanza ya Juni. Agosti kwa Italia iepukeni, hasa siku za karibu na tarehe 15, sikukuu ambayo Waitalia wengi hufunga maduka na kwenda pwani. Roma ina msaada wake: mabomba madogo ya chuma yanayotiririsha maji baridi ya kunywa barabarani mchana na usiku, bure. Ziba tundu la chini kwa kidole, maji yatachupa juu kupitia tundu dogo, mnywe bila kuinamisha mdomo. Bebeni chupa tupu kila mmoja. Maji ya bomba yananyweka nchi zote za njia hiyo, na kununua chupa kila kituo kunatafuna fedha kimyakimya.

Sanduku ni moja kwa kila mtu, na ziara nyingi hazina mjadala juu ya hilo. Wekeni nguo za siku sita, sabuni ya kufulia, na kamba nyepesi ya kuanikia bafuni. Penye kulala mara mbili ndipo pa kufulia. Viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, visiwe vipya. Wanawake wenzangu, bebeni kanga doti moja. Kwenye Basilika la Mtakatifu Petro, Vatikani, hawaingizi mtu mwenye mabega au magoti wazi, na nje nimeona wageni wakinunua vitambaa vya karatasi kwa bei ya kushangaza. Kanga ilinifunika basini kiyoyozi kilipozidi, ikawa mkeka kando ya ziwa, ikawa mswala. Na sweta zito moja, kwa sababu ya Titlis, mlima wa theluji huko Uswisi.

Chakula kutoka nyumbani kina sheria. Nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kabisa kuingizwa Umoja wa Ulaya na msafiri, hata sambusa mbili za nyama kwenye mkoba. Matunda mengi nayo yanahitaji cheti, isipokuwa machache, na kwa bahati tende, ndizi, nazi na nanasi yamo katika yaliyosamehewa. Tende ndizo zilizotubeba. Milo ya kikundi hupangwa miezi kabla, na nyama ya nguruwe huwemo mara nyingi. Andikeni ombi lenu siku ya kulipa, mkiomba samaki au mboga, maana neno halali halitimizwi kila mahali hata kama mhudumu anaitikia kwa kichwa. Siku ya kwanza mkumbusheni kiongozi ana kwa ana, kwa upole.

Dawa za presha na sukari zikae kwenye mkoba wa mkononi, na msiziache ndani ya basi lililoegeshwa juani. Mwenye presha amwone daktari kabla, amwambie wazi kwamba anataka kupanda mlima kwa gari la kamba. Kila basi likisimama shukeni, hata kama hamtaki choo. Miguu huvimba kwa kukaa.

Choo chenyewe: ndani ya basi kipo, kidogo, cha dharura. Vituo vya barabara kuu za Ujerumani mnalipa yuro moja kwenye lango na mnapewa kuponi ya thamani hiyo ya kutumia dukani pale pale, basi msiitupe. Wekeni sarafu za yuro moja na senti hamsini kwenye kipochi cha peke yake. Uswisi wana faranga yao, ingawa kadi inapokelewa karibu kila mahali. Iarifuni benki kabla ya safari, na kila mmoja awe na kadi yake, kwa maana ikimezwa moja hamtakuwa na kitu. Italia kwenye baa za barabarani unalipa kwanza kwa keshia, unapeleka risiti kaunta, unapewa kahawa yako. Kahawa ya kusimama ni ya bei ndogo. Ukikaa mezani kwenye uwanja wa Mtakatifu Marko, Venice, utalipia kiti, na katika baadhi ya mikahawa hata muziki unaopigwa.

Sasa viti. Ziara nyingi huzungusha viti kila siku ili wote wapate mbele. Kama kiongozi hakusema, ulizeni. Baina yenu wawili, kubalianeni mapema nani anakaa dirishani asubuhi na nani mchana, kwa sababu jambo dogo kama hilo, likirudiwa siku kumi na mbili bila kusemwa, linageuka kuwa jambo kubwa. Nasema hivi kwa kuwapenda: hakuna kitu nyumbani kinachowaandaa kukaa bega kwa bega kuanzia kifungua kinywa hadi kulala. Nyumbani mume ana baraza yake na mke ana shughuli zake. Basini hakuna baraza. Siku ya tano, njiani kwenda Rhine, tulinyamaziana kwa kilomita mia moja bila sababu ninayoikumbuka. Kwenye kituo nilimwambia, baba, leo nikae na yule mama wa kutoka Kanada aliye peke yake, nawe ukae na usingizi wako. Alicheka. Jioni tulikuwa na mambo ya kusimuliana, kila mmoja na yake. Tangu hapo kila siku tulijipa saa moja ya kutengana, yeye akitafuta benchi, mimi nikitafuta soko.

Hata kitanda kitawashangaza. Ujerumani na Uswisi chumba cha wawili mara nyingi kina magodoro mawili ndani ya fremu moja, na mifarishi miwili ya kujifunika, kila mtu na wake. Si kwamba mapokezi wamewadharau. Ndivyo wanavyolala wenyewe. Mkitaka kitanda cha pamoja kabisa, ombeni wakati wa kulipia, msingoje saa nne usiku.

Mvutano mwingine huletwa na ziara za ziada. Siku ya kwanza au ya pili kiongozi atashika maikrofoni na kupitisha fomu: mashua ya Seine, gondola, chakula cha jioni chenye waimbaji, mlima. Kila moja ina bei yake nje ya mliyolipa, na mkikubali zote mtaongeza mamia ya yuro kwa kila kichwa. Ombeni orodha na bei kabla hamjaondoka nyumbani, mchague mkiwa na kikombe cha chai na akili tulivu. Sisi tulichagua mbili kati ya nane. Wengine walipokwenda kwenye chakula cha waimbaji tulinunua mkate, jibini na zabibu, tukatandika kanga kando ya ziwa la Lucerne. Saa tatu na nusu usiku kulikuwa bado kweupe na milima imekuwa rangi ya waridi. Lakini mjue kwamba Jumapili maduka ya Ujerumani na Uswisi hufungwa, kwa hiyo mkate ununuliwe Jumamosi, ama mtafute duka la ndani ya stesheni kubwa.

Muda wenu wa huru msiuache upotee madukani. Mkiwa Brussels, kituo cha kundi ni uwanja wa Grand-Place na kisanamu cha mtoto anayekojoa. Vinatazamwa kwa nusu saa. Mkipewa mchana mzima, nendeni mtaa wa Matongé, katika manispaa ya Ixelles, uliochukua jina la mtaa wa Kinshasa. Mtakuta vitambaa vya vitenge, saluni za kusuka, ndizi za kupika na muhogo, na ghafla mtavuta pumzi kama mko nyumbani. Kama ratiba yenu inafika Berlin, ingieni Makumbusho ya Historia ya Asili, ambayo Jumatatu hufungwa. Pale ukumbini limesimama gofu la mifupa ya dinosaria lenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, lililochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913 kwa mikono ya wenyeji waliobeba mifupa hiyo kwa miguu hadi bandarini. Mtanzania aliyefika Berlin asipoliona, mimi nitamsikitikia.

Venice niliahidi. Mabasi hayaingii mjini. Yanaegesha Tronchetto, mnapanda mashua hadi karibu na uwanja wa Mtakatifu Marko, na mashua ya kundi inarudi kwa saa iliyotajwa. Kuanzia 2024 jiji linatoza ada wageni wa siku moja kwa baadhi ya siku za msimu. Mnaolala Mestre hamtozwi, kwa kuwa ni manispaa ile ile, lakini kuna kujiandikisha mtandaoni. Muulizeni kiongozi nani anayefanya. Siku ile mume wangu alishikwa na kichwa kwa jua. Tulitafuta msalaba wa kijani wa duka la dawa katika vichochoro vinavyofanana kama mapacha, na karatasi ya miadi ilikuwa kwenye shati alilolibadilisha asubuhi. Mimi nilishikilia saa kumi na nusu, yeye alishikilia saa kumi na moja. Ilikuwa kumi na nusu. Tulipofika gatini mashua imekwenda dakika kumi nyuma. Tulipanda mashua ya abiria ya njia namba 2 kutoka San Zaccaria, tiketi yuro 9.50 kila mmoja, ikatuzungusha hadi Tronchetto. Watu zaidi ya arobaini walikuwa wamekaa ndani ya basi wakitusubiri. Tuliomba radhi kwa maikrofoni, mimi na yeye, kwa Kiingereza chetu. Hawakutusema vibaya, lakini muda wao wa kupumzika ulikuwa umekwenda na sisi ndio tuliouchukua. Kwa hiyo andikeni saa mara mbili, kila mtu na karatasi yake. Pigeni picha mahali pa kukutania. Muwe na namba ya kiongozi kwenye simu zote mbili, na kadi ya hoteli kwenye mifuko yote miwili.

Wezi wa mifukoni wapo, wengi wao ni vijana nadhifu. Chini ya Eiffel atakuja mtu na karatasi ya kutia saini. Mbele ya kanisa la Sacré-Cœur atakuja mwingine na kamba ya kukufunga mkononi kama zawadi. Mikono ibaki mifukoni, miguu iendelee. Dharura yoyote katika nchi hizi ni namba 112, bila malipo. Pasi ikipotea, Tanzania na Kenya zote zina ubalozi Paris, Brussels, The Hague, Berlin na Roma. Nakala ya pasi kwenye simu ya mwenzako itakuokolea siku nzima.

Bakshishi ya kiongozi na dereva mara nyingi huandikwa kwenye karatasi za ziara kwa kadirio la kila siku. Tengeni fedha hiyo nyumbani, katika bahasha mbili, msije mkaikuta imeliwa na aiskrimu za Florence. Ya dereva mpeni mkononi mwake mwenyewe, na semeni asante kwa lugha yake.

Kuhusu Titlis: gari la kamba la mwisho linazunguka taratibu likipanda, na kituo cha juu kiko mita 3,020. Tunatoka nchi ya Kilimanjaro, mita 5,895, lakini sisi wawili tulikuwa hatujawahi kugusa theluji. Julai, na imejaa chini ya miguu. Hewa ni nyepesi, basi tembeeni polepole na mkae kila baada ya hatua chache. Mume wangu aliijaza chupa yake ya maji theluji kwa ajili ya wajukuu. Kabla hatujafika Lucerne ilikuwa maji. Hakuyamwaga. Yalivuka Alps nasi, yakafika Mestre, yakafika Roma, na asubuhi ya mwisho niliifunga chupa kwa mifuko miwili ya nailoni, nikaizungushia kanga, nikaiweka katikati ya sanduku. Iko kwenye kabati la vyombo, rafu ya juu, na wajukuu wakija huomba waishike.